Meno ya Buti na Udongo wa Keza

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufunguo, kiti chenye mguu mmoja mfupi na gunia la vyuma nililolishuku kabla sijalifungua. Ilikuwa pale Lusahunga, kwenye kambi ya kampuni iliyojenga laini za umeme wa vijijini, nyuma ya gereji za malori yaendayo Rusumo. Msimamizi wa Vifaa alikuwa mwanamume mfupi mwenye tabia ya kutazama mikono yako badala ya uso wako. Aliniambia, "Mama, hapa stoo kazi ni moja tu. Usimwamini mtu." Nikamjibu kwamba hilo halitanisumbua, nimezaliwa nalo. Hakucheka. Nadhani alianza kunishuku saa ile ile, ila mimi nilikuwa nimeshamtangulia.

Ndani ya gunia mlikuwa na vitu ambavyo wafanyakazi waliviita meno. Nyinyi mnaoanza kazi sasa huenda mmeviona vikining'inia ukutani bila kuuliza. Meno ni bamba la chuma linalofungwa chini ya buti au gambuti, lenye ncha zinazotazama chini na mkanda wa kulikazia juu ya mguu, ili mtu asiteleze. Yale ya kwanza yalitoka ng'ambo. Yalikuwa wavu wa mpira wenye njumu ndogo kama punje za maharage, na kwenye boksi kulikuwa na picha ya mzungu akitembea juu ya barafu. Nilimuuliza Msimamizi barafu hiyo iko Biharamulo au Ngara. Akasema kinachoshika barafu hushika na tope.

Si kweli. Udongo wetu mwekundu ukinyeshewa hujaa katikati ya njumu fupi, na baada ya hatua chache mtu anakuwa amebeba ugali wa tope chini ya kila mguu. Hapo anateleza kuliko asiyevaa kitu. Baada ya wiki chache za kuangukaanguka, Msimamizi mwenyewe alinituma kwa Yusufu, fundi chuma pale Lusahunga, aliyekuwa akikata springi kuukuu za malori. Tulikubaliana meno yawe marefu, machache, yaliyoachana ili tope lipite. Mkanda ulikatwa kwenye tyubu la tairi na kupigwa ribiti. Mzigo wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa pili Yusufu alichanganya na vipande vya nondo akidhani mwanamke hatajua. Springi ukiigonga kwa nyundo hulia, nondo hainung'uniki hata kidogo. Nilimrudishia zake, na tangu hapo tulisalimiana vizuri huku kila mmoja akimlinda mwenzake kwa jicho la pembeni.

Kazi yenyewe ilikuwa ya asubuhi. Kabla watu hawajatoka nilishika kila jozi, nikatikisa ncha kama zimelegea, nikavuta mkanda kutazama nyufa. Ulioanza kupasuka niliutundika kwenye msumari wa matengenezo nyuma ya mlango. Niliwafundisha pia mahali pa kuyavua, maana chuma juu ya jiwe huteleza vibaya, na juu ya bodi la lori vilevile. Wabebaji nao walikuwa na shaka zao. Walisema chuma miguuni huita radi. Sikubishana nao sana. Niliwaambia mbingu ikianza kunguruma weka mzigo chini, shuka bondeni, mwenye meno na asiye na meno. Hilo walilikubali, ingawa wapo walioendelea kunitazama kama niliyetumwa na radi mwenyewe.

Kutoka Lusahunga nilipelekwa kwanza Nemba, kwetu, ambako ardhi ni ya upole na meno yalikaa zaidi ukutani kuliko miguuni. Mhandisi wa wakati huo alikuwa mtu mtaratibu, akija stoo anabisha hodi. Kisha tukahamishiwa Keza, upande wa Ngara, chini ya Meneja wa Mradi mpya. Huyo hakubisha hodi mahali popote.

Keza ni vilima na njia za miguu. Lori la nguzo huishia bondeni, kwenye kijito. Kutoka hapo nguzo hupandishwa mabegani mwa watu, wawili wawili tangu ncha mpaka kitako, na nyapara hutembea pembeni akiita mwendo. Mmoja akiteleza, uzito wake unawaangukia wenzake, nao wakiyumba, nguzo inashuka na mtu chini yake. Ndiyo maana nilikuwa mkali. Sadoki, kijana wa hapo hapo Keza, mwenye mke na mtoto mchanga, ndiye aliyebeba kitakoni kwenye uzito mkubwa. Alipenda kunitania. "Mama Stoo, wewe hata komunyo unaikagua kwanza." Nikamwambia alete mguu, aache maneno.

Njia yetu ilipita katika shamba la Mzee Pankrasi, migomba na kahawa, juu ya mteremko. Jioni, vibarua wakishaondoka, mzee alipita na jembe akifukia kila alama ya meno ardhini. Watu walimcheka. Mimi sikucheka, nilitaka kujua anaficha nini. Nikaenda kwake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umetumwa kupima?"

"Sipimi kitu, baba. Mimi ni wa stoo."

"Wote huanza hivyo," alisema. "Kwa jirani yangu walikuja watu wakachoma ardhi kwa vyuma. Tulidhani wanacheza. Zikafuata bikoni, yale mawe ya mipaka, kisha jirani akaambiwa ahame. Sasa naona vitundu vya chuma mpaka karibu na mke wangu na mama yangu, unataka nikae nitazame?"

Mke wake na mama yake walizikwa pale migombani, kama ilivyo kwa wengi huku. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nikamuuliza anataka nini hasa. Akasema watu wapite, umeme anautaka hata yeye, lakini mbele ya makaburi wavue hayo meno. Nikaona ombi la haki. Makaburi yalikuwa juu kwenye tambarare, na hapo mtu hahitaji meno.

Nililipeleka kwa Meneja wa Mradi. Alikuwa anachelewa na kazi, na makao makuu walikuwa wanampigia simu kila mara. Alisikiliza nusu.

"Wavue wote, tangu kijitoni," akasema. "Sitaki kesi na mzee."

"Bosi, mzee hakusema hivyo. Amesema juu, penye makaburi. Mteremko wote uko chini ya hapo."

"Mama, wewe unashuku hata mvua."

"Mvua ndiyo ninayoishuku kuliko wote," nikamwambia. Alikuwa ameshanipa mgongo.

Kesho yake niliwafunga watu meno asubuhi kama kawaida, nikakagua, wakaenda. Kumbe amri ilimfikia Nyapara moja kwa moja. Kijitoni, kabla hawajainua nguzo, aliwaambia wavue, meno yakatiwa guniani yakarudishwa na lori. Nilipoona gunia linashushwa mlangoni na wingu limeshakaa juu ya kilima, nilifunga khanga kiunoni nikakimbia. Nilifika mvua imeshapiga. Nguzo ilikuwa imelala ikiegemea mgomba, na Sadoki alikuwa chini ya kitako chake akiita mama yake kwa Kihangaza. Tulimtoa, tukamtengenezea machela ya miti na mablanketi, akapelekwa hospitali kwa gari la kampuni. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umegeukia mahali ambapo mguu haugeukii. Nililia njia nzima ya kurudi kambini, na nilikuwa nalia kwa hasira kuliko huruma.

Asubuhi iliyofuata alikuja Mkaguzi wa Usalama kutoka mjini. Tulikusanywa mbele ya stoo, na wanakijiji wachache wakasimama pembeni, Mzee Pankrasi akiwa mmoja wao. Meneja wa Mradi alizungumza kwanza, sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Alisema wabebaji walikuwa wamevaa meno kama taratibu zinavyotaka, ila mkanda wa Sadoki ulikatika mteremkoni kwa sababu haukukaguliwa. Akanyanyua jozi yenye mkanda uliopasuka.

Niligeuka nikatazama nyuma ya mlango. Msumari wa matengenezo ulikuwa mtupu. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Hiyo jozi niliitundika mwenyewe juzi," nikasema. "Haikwenda mlimani. Jana hakuna aliyepanda na meno."

"Nani shahidi wako, mama?" Mkaguzi akauliza.

Niliwatazama wabebaji. Walikuwa vibarua, leo wapo, kesho wanaambiwa hawahitajiki. Kila mmoja aliona kitu cha kuvutia kwenye buti zake. Nikamtazama Nyapara, akakohoa. Nilijua ninachopoteza. Kazi ingekwenda, na jina langu lingebaki Ngara nzima kuwa ndiye mwanamke aliyemvunja Sadoki mguu kwa uzembe. Sadoki mwenyewe alikuwa hospitali, hajitambui vizuri kwa dawa. Mvua ilinyesha karibu usiku kucha, hivyo hata ardhi nilijua haitanisaidia. Nilijisikia mpweke kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na sioni haya kulisema.

Ndipo Mzee Pankrasi akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Njooni shambani kwangu."

Mkaguzi alikuwa na viatu vya mjini, alipanda akishikilia migomba. Mteremkoni, kuanzia karibu na kijito mpaka pale nguzo ilipoangukia, mzee alikuwa ametandaza majani ya migomba kwa mstari, ameyakandamiza kwa mawe, na sehemu nyingine amefunika kwa beseni na sufuria za nyumbani. Akainama akafunua moja, kisha nyingine. Chini yake nyayo zilikuwa nzima. Soli za gambuti, laini, hakuna hata tundu moja la chuma. Mwishoni palikuwa na mchirizi mrefu wa kisigino kilichokosa kitu cha kushika.

Mkaguzi alichuchumaa akapitisha kidole kwenye mchirizi. Kisha akamgeukia Nyapara. "Hawa watu walivaa meno?"

Nyapara alivua kofia. "Tuliambiwa tuvue tangu kijitoni," akasema. "Bosi alisema tuvue."

Baada ya huyo, midomo yote ikafunguka. Wale waliokuwa mabubu stoo sasa walikatizana. Mimi nilikaa juu ya jiwe nikajifunika uso kwa khanga. Simu ya Meneja ilikuwa inaita mfukoni na hakuipokea. Aliondolewa kwenye mradi ule. Sijui alipelekwa wapi, na popote alipo naomba stoo yao iwe na mtu mbishi.

Sadoki alipona, ila mguu umekuwa mfupi kidogo, na hakubeba nguzo tena. Meneja aliyefuata alimpa unyapara. Tukaweka utaratibu mpya pale kwa Mzee Pankrasi. Nguzo ikifika tambarare inalazwa juu ya magogo, watu wanavua meno, wanaivusha mbele ya makaburi bila kelele, kisha wanayafunga tena upande wa pili. Ulichelewesha kazi kidogo tu. Mzee alisimama hapo kila mara akihesabu miguu, na hakufukia tena alama za mteremkoni.

Sasa nimestaafu, niko Nemba, nalima maharage na kukagua ndala za wajukuu zangu, ambao wamechoka na mimi. Ninyi mnaoshika kazi hii mtaambiwa kuwa kuaminiana ndiko kunakojenga kazi. Sikatai. Lakini vuteni mkanda kwanza. Mkiona msumari ni mtupu na hamkuondoa kitu, ulizeni siku hiyo hiyo. Na mkubwa akiwarahisishia jambo gumu kwa neno moja, mjue kuna mtu mahali fulani atakayelibeba begani.

Kabla sijaondoka Ngara nilikwenda Keza kumuaga Mzee Pankrasi. Nilimbebea sukari na sabuni. Alikuwa amezeeka sana, taa ya umeme inawaka sebuleni mchana kweupe kwa sababu hapendi kuizima.

"Shikamoo, baba. Nimekuja kukushukuru kabla sijaenda. Siku ile ya nyayo uliniokoa."

"Marahaba, mwanangu." Aliipapasa ile sabuni. "Unakwenda zako, nami sina siku nyingi. Ngoja nikwambie. Zile nyayo sikuzifunika kwa ajili yako."

"Kwa ajili ya Sadoki, basi."

"Hapana. Wewe ndiye ulikuja hapa kuniuliza nataka nini. Mtu akaanguka, meno hana. Nikasema, huyu mwanamke wa stoo amewanyima makusudi, ili kijiji kiseme ombi la Pankrasi ndilo limemvunja mtoto wa watu mguu. Nilizifunika ziwe ushahidi wa kukufunga."

"Na ulipojua si mimi?"

"Nilijua pale Nyapara aliposema. Nikataka kukwambia, nikakuta unalia juu ya jiwe. Nikaona haya."

Tulikaa pale sebuleni, taa ikiwaka, kila mmoja akitazama upande wake. Miaka yote hiyo, kila Jumapili, nilikuwa nikimtajia Mungu mzee huyu kama mtu pekee Ngara nzima aliyeniamini bila kuniuliza swali. Iliniuma, siwafichi. Jumapili iliyofuata nilipiga magoti kanisani Nemba nikakaa kimya muda mrefu, kisha nikamtaja tena.