Mama Asiyetaja Jina la Mumewe

Bibi Mehriyar, mke wa nne wa Sultani, aliletwa ikulu hapa Istanbul akiwa na miaka saba. Mimi, Rengigul, nililetwa mwaka huohuo, mdogo zaidi yake, hata sura ya mama yangu siikumbuki. Sote Wacherkesi, watu wa milimani, mbali na hapa. Tulipewa majina mapya, yakaandikwa kwenye karatasi na kubanwa vifuani mwetu kwa pini mpaka watu wayazoee. Yeye akapanda hadi kuwa mke wa Sultani, mimi nikaishia kutunza mavazi yake. Sikumwonea kijicho hata kidogo. Kazi ya mke wa Sultani ni kusubiri kuitwa, na yeye hakuitwa tena tangu binti yake alipokufa kwa surua. Alichobaki kukitaka ni kimoja tu, kumwona mama yake. Kila mwaka alituma barua kwenye vijiji vya wahamiaji wa kwetu, na kila mwaka alikosa jibu.

Asubuhi moja Anber Agha, towashi wa lango, akaniita.

"Njoo uone vituko. Bibi kizee huyu eti ni mama wa bibi yako. Namwuliza mumewe aliitwa nani, nitazame daftarini. Kimya!"

Mwanamke alikuwa amekumbatia furushi, linanuka jibini ya moshi.

"Mama, baba wa mwanao aliitwa nani?" nikamwuliza.

"Yule wa nyumbani kwangu."

"Yule nani, sasa?"

Akainamisha uso.

"Tapeli," nikamwambia Anber. "Hata uongo hajaupanga. Kama yule mwanamke wa mwaka juzi, naye alijifanya bubu." Nikamwonyesha yule mama barabara, aondoke.

Nilimpelekea bibi yangu kahawa, na kisa hicho juu yake, nikidhani atacheka. Kikombe kikamponyoka.

"Rengigul, wewe Mcherkesi wa wapi? Kwetu mke halitamki jina la mumewe mpaka anaingia kaburini! Tapeli angelitaja haraka!"

Nilitoka mbio na viatu vya ndani. Nilimkuta yule mama ameketi kwenye ngazi za msikiti, anapumzisha miguu. Nikampigia magoti, nikalia kwa aibu.

"Inuka, mwanangu, utachafua nguo," akasema.

Nikampeleka kwa bibi yangu. Walikumbatiana muda mrefu. Kisha mama akajifuta macho, akauliza, "Na mumeo, anakutunza?"

"Yule? Hajambo."

Mama akamshika kidevu, akacheka. "Kumbe hawakukuharibu."

Mimi nilikuwa pembeni nakata jibini. Nilikuwa namfikiria yule mwanamke wa mwaka juzi. Alisimama palepale langoni, na sikumwuliza hata anamtafuta nani.