Samadi kwenye Maua ya Kengele

Vita vilipoisha, marehemu mume wangu, askari, aliniachia kiwanja kidogo Lubaga, na sijawahi kupanda kitu hapo kikanikatalia. Shule niliishia darasa la tatu, lakini udongo nausoma.

Basi mkamwana wangu wa Bugolobi akaniletea miche ya maua ya kengele. Yeye anaishi ghorofani. Shamba lake ni ndoo mbili mlangoni. Alitaka maua yale ya buluu yapambe meza siku mjukuu wangu atakapopokea komunyo ya kwanza. Akanionya: "Mama, haya usiyatilie samadi. Utapata majani matupu."

Mtu anayenunua hata dodo, mchicha wa kuota wenyewe, sokoni ananifundisha mimi kulima! Nikaitikia kwa adabu. Boda yake ilipokata kona, nikaenda kuchota samadi kwa jirani yangu Mkongomani, mama mwenye ng'ombe mmoja na maneno mengi. Nikanyunyizia na majivu, kama ninavyofanya kwa maharage. Na kina mama wa kanisani nilikuwa nimekwisha kuwatangazia kwamba meza itakuwa buluu tupu.

Yalistawi, jamani. Majani mapana, laini, kama yamepakwa mafuta. Ua? Hata moja. Jirani alipita kila asubuhi kuchungulia, akiuliza kama kengele zimelia. Nilimwambia akamsikilize ng'ombe wake.

Asubuhi ya komunyo nikasimama mbele ya tuta na kisu mkononi, sina hata kitumba cha kukata. Jirani akachuma jani, akalitafuna polepole. Kuku wangu walikuwa wakiyadonoa wiki nzima na hakuna aliyekufa.

"Jaja," akasema, akiniita bibi kama kila mtu mtaani, "samadi yangu imekupa mboga. Leta karanga."

Ningemfukuza, lakini wageni walikuwa njiani. Tukachuma tuta zima, tukaunga kwa karanga. Meza nikaitandikia majani ya ndizi, nikapakua mboga bila kuitaja jina. Kina mama wa kanisani walitazama meza, wakatazamana, wakala.

Mkamwana alikula sahani mbili. Akajifuta midomo, akauliza maua yake yako wapi.

"Umeyamaliza," nikamwambia. "Samadi nilitia. Ulisema kweli."

Hiyo ndiyo mara pekee niliyomkiria kosa, na nilihakikisha kwanza ameshiba kiasi cha kushindwa kusimama.