Sarafu Mbili Juu ya Kaburi la Mama

Masikini akipata matako hulia mbwata, na Melaka nzima hakuna aliyeyaliza yake kwa kelele kama Yeo Boon Hup. Alianza maisha kwa kuuza pilipili manga aliyoichanganya na mbegu za papai. Mbegu zikamzalia ghala, ghala likamzalia meli, kisha Waingereza wakampa kiti katika baraza la mji, maana walimwona anajua kuinama kabla hajaambiwa. Humo barazani maoni yake yalikuwa yale ya Mwingereza aliyetangulia kusema. Dada yake mkubwa, Swee Neo, aliyemlea kwa kuuza vitumbua, akimwona anapita na kofia yake nyeupe alikuwa akisonya waziwazi.

Mwaka ule baraza liliamua kupitisha barabara katika kilima cha makaburi. Ilikuwa imekwisha kupindwa mara moja ili isiguse uwanja wa tenisi wa wazungu. Makaburi yenye mawe yangehamishwa. Yasiyo na mawe yangefukiwa chini ya kokoto. Wa kwanza kuinua mkono kukubali alikuwa Boon Hup.

Mama yao alikuwa amelala kilimani hapo, ubavuni mwa kitinda mimba wake, Geok, aliyekufa kwa homa hata kusema hajajua vizuri. Kaburi la mtoto halikuwa na jiwe. Mama alipokuwa anakata roho alimwambia Swee Neo neno moja tu: wasimtenge na mtoto wake. Swee Neo akafunga safari mpaka nyumbani kwa mdogo wake.

"Boon Hup, barabara mmeipinda kwa ajili ya tenisi. Ipindeni kidogo na kwa ajili ya mama yako."

"Dada, haya ni mambo ya serikali. Wewe rudi kwenye vitumbua vyako."

"Vitumbua hivyo ndivyo vilivyokuvisha suruali, limbukeni wewe! Na Geok je?"

"Geok hana hata jiwe. Mama nitamjengea kaburi la marumaru kando ya barabara, kila gari likipita watu wasome jina langu."

"Jina lako?"

"Na la Mama," akasema, "chini yake."

Siku ya kuhamisha, Boon Hup alifika kilimani na suti mpya na mhandisi wa Kiingereza. Kwa mila yao, maiti hahamishwi bila kuulizwa, na mwenye kumuuliza ni mwanawe, kwa kurusha sarafu mbili. Zikilala moja uso na moja mgongo, amekubali. Zikifanana, amekataa. Hata wezi wa Melaka hawafanyi mzaha na jambo hili.

Akarusha, zikafanana. Akarusha tena, zikafanana. Mara ya tatu vilevile. Wachimbaji wakatazamana. Mhandisi akatoa saa yake mfukoni, na hapo jasho likamtoka mheshimiwa wetu. Akasogeza mguu taratibu, akaigeuza sarafu moja kwa ncha ya kiatu.

"Mama amekubali! Chimbeni!"

Kheng, mzee wa wachimbaji, akalaza jembe lake chini. Wenzake wote wakalaza yao.

"Tajiri," akasema, "macho tunayo."

Swee Neo akamjia juu mdogo wake. "Sarafu umeigeuza kwa kiatu. Haya, na Mama mgeuze kwa kiatu hichohicho!"

Swee Neo akapiga magoti, akaziokota zile sarafu. Na yeye pia akikataliwa, kokoto zitamfukia Geok, na Mama pia.

"Mama," akasema, "mwanao amekiuza kilima. Nikikuchukua wewe na Geok pamoja, mkalale kwangu, mbali na barabara yake, utakubali?"

Akarusha. Moja ikalala uso, moja mgongo.

Wachimbaji wakayanyakua majembe bila kumtazama tajiri. Boon Hup, alipoona mhandisi anaangalia, akaruka mbele, akasimama kifua mbele juu ya kituta cha nyasi.

"Mnaona? Si nilisema amekubali?"

"Sogea, tajiri," Kheng akamwambia. "Unamkanyaga mdogo wako."

Boon Hup akatazama chini upesi, akaangalia kama kiatu chake kimechafuka.