Spika ya Wifi na Kasuku wa Kagera

"Njoo uchague! Njoo uchague mwenyewe! Doti mpya zimeingia!"

Hiyo ni sauti ya wifi yangu, muuza kanga wa Kariakoo. Ililia alfajiri, katikati ya msitu wa Kagera, kutoka ndani ya mkoba wake, mwenyeji wetu kanyoosha kidole juu na mimi ndiyo kwanza nainua shingo. Nikasikia mabawa tu. Nilipoangalia, tawi linacheza, kasuku hakuna hata mmoja.

Sasa turudi mjini, mjue nani wa kulaumiwa.

Niliwahi kuugua kifua kikuu. Miezi yote ile nililala ghorofani nyuma ya soko, na aliyenichekesha alikuwa kasuku wa mwenye nyumba, kafungiwa tunduni pale ngazini, anatoa shikamoo kwa kila apitaye, hata paka. Nikaapa nikipona nitaenda kuwaona ndugu zake wakiruka bila tundu. Nikapona. Wapo waliosikitika, wifi alishaanza kuulizia meza yangu ya vifungo na nyuzi.

Safari tuliipanga pale pale mezani. Mwenyeji alituambia kwenye simu: "Mama, huku ni kimya. Kasuku wa mwituni wamebaki wachache, wakishtuka hawarudi." Nimeishia darasa la nne, lakini hilo nililielewa. Wifi naye akapakia spika ya kibandani, ile inayorudia sauti yake kutwa nzima hadi mwenyewe haisikii tena.

"Spika ya nini, wifi?"

"Tukipotea je? Utaita watu kwa mapafu hayo?"

"Kule siyo Kariakoo."

"Ndiyo maana naibeba. Kariakoo nani anapotea?"

Wanawake wa vibanda wakacheka mpaka wakashikana. Na mimi nikacheka, mdomo anao. Lakini asubuhi ya safari, alipoenda kununua maji, nikazitoa betri, nikamfungia kwenye ncha ya kanga yake mwenyewe aliyoiacha juu ya mkoba. Nikapanda basi roho nyeupe.

Kule msituni wifi akachoka kusimama. Akaukalia mkoba. Na wifi yangu siyo mwepesi.

Hayo ningeyasamehe. Lakini tangu turudi, kila ajaye kununua kanga anaambiwa: "Tulikuwa tuwaone kabisa, huyu akakohoa." Mimi! Niliyejaza ushungi mdomoni tangu tuingie msituni, machozi yananitoka, nisitoe hata pumzi! Watu wameanza kuisogelea meza yangu kwa mbali, wanaulizia vifungo huku wameziba pua. Nimepona, kadi ya hospitali ninayo, lakini kadi haina spika.

Basi wifi, leo izime hiyo takataka yako. Vuka njia, uje mezani kwangu, mbele ya hao hao waliocheka, unijibu: betri nilizozitoa kwa mkono wangu, nani alizirudisha?