Kikapu cha Akinyi Hakirudi Kitupu

Enzi zetu, mtoto wa kike aliyetaka doli alikwenda migombani, si dukani. Wenzangu mliokulia upande wa Ikonge, huku Kisii, mnanielewa. Doli alikuwa gunzi la mahindi lenye nywele zake lenyewe, akavishwa shuka ya ganda kavu la mgomba. Nyumba yake ilikuwa katoni ya sabuni, na katoni hiyo uliiomba kwa mwenye duka wiki nzima, ukimwamkia mara tatu kwa siku. Leo mpwa wangu anamvalisha doli kwa kugusa kioo cha simu, kisha ananiambia amechoka. Amechoka na nini, jamani?

Lakini nyumba bila vyombo si nyumba, na hapo ndipo palipokuwa na utamu! Tulisuka vikapu vya doli, vidogo hata kimoja kingekaa juu ya kifuniko cha soda. Tulisuka vya kuchumia majani chai, na kamba zake mbili za mgongoni. Tulisuka mikoba ya kwendea kanisani. Tulisuka ekee, kile kikapu cha mabua ya wimbi ambacho nyanya zetu walipakulia ugali. Vidole viliuma, macho yalitoa machozi, na ukiitwa kula ulijifanya hujasikia.

Nyuzi zilikuwa taabu. Za mgomba zilikatika, za mkonge zilichoma. Mimi nikagundua dawa: sweta yangu ya kijani ya shule. Kila siku nilifumua safu moja ya mkono wa kushoto, hadi kufikia katikati ya muhula sweta ilikuwa imepanda mpaka kiwiko. Mama akaiinua dirishani, akaniuliza, "Moraa, huyu ni panya gani asiyependa mkono wa kulia?" Nilichapwa, bila shaka. Lakini doli wangu alikuwa na mkoba wa kijani ambao kijiji kizima hakikuwa na mfano wake, na usiku nililalia tumbo nikicheka peke yangu.

Hata hivyo, fundi hakuwa mimi. Fundi alikuwa Akinyi. Baba yake, mtu wa upande wa ziwani, alikuwa karani kwenye kituo cha kununulia majani chai, na walipanga nyumba jirani na kwetu. Akinyi hakujua Kikisii, mimi sikujua Kijaluo, basi tulicheza kwa Kiswahili cha shuleni, tukikivunjavunja bila huruma. Alisukia mafunjo aliyoletewa na nyanya yake, na vidole vyake vilikwenda mbio hata huoni uzi ulikopita.

Doli wetu walitembeleana, tena kwa adabu. Nyanya yangu, tuliyemwita Magokoro, alikuwa ametufundisha sheria moja: jirani akikuletea kitu kwa kikapu, kikapu chake hakirudi kitupu. Weka hata viazi viwili. "Ukikirudisha kitupu, umemwambia asije tena," alisema, nami nikamtafsiria Akinyi. Tuliishika sheria ile kuliko amri kumi. Ukiletewa punje ya hindi, ulirudisha jani la chai.

Siku moja doli wa Akinyi alimletea wangu kikapu chenye mfuniko. Mfuniko! Mpana kama sarafu, unafunga na kufunguka. Ndani mlikuwa na njugu moja. Njugu niliila, kikapu nikakificha. Akinyi akiuliza, nilimjibu, "Ngoja, bado natafuta kitu cha kuweka." Nikatafuta muhula mzima. Nilikuwa mwizi, ndugu zangu, mwizi mwenye lugha tamu.

Kisha baba yake akahamishwa. Asubuhi moja nikaona magodoro yakipakiwa kwenye lori. Nilikimbia na kikapu mkononi, na nilipokaribia lango lao nikakumbuka hakina kitu. Nikasimama. Ningempaje hivyo, aelewe nimemwambia asije tena? Nikageuka mbio hadi shambani kuchuma jani la chai. Niliporudi, lori lilikuwa limeshaondoka. Nililia mpaka Magokoro akanionea huruma. "Kitunze," akaniambia. "Mwenyewe hajafa."

Nimekitunza kwenye mkebe wa vifungo, nimeolewa nacho, nimehama nacho nyumba tatu. Juzijuzi mpwa wangu akaniomba nimfundishe kusuka vikapu vya doli. Kumbe simu huwekwa chini! Nikamtolea kikapu kile akione, nikakipiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja. Jibu likaja kutoka kwa nambari mpya kundini, nisiyoijua: "Moraa, bado unatafuta kitu cha kuweka?"

Nilipiga yowe, mpwa wangu akadhani nimeona nyoka.

Akinyi anafanya kazi hapa hapa Kisii mjini! Miaka yote hii tumekuwa tukinunua ndizi soko la Daraja Mbili, pengine tukikanyagana miguu. Tunakutana Jumamosi, na ameshanionya: "Wee, ukikuja nacho bila kitu, nakurudisha hapo hapo stage ya matatu."

Vijana wa leo wana marafiki wengi kwenye simu kuliko majani ya chai, na sijui ni yupi atakayemtunzia mwenzake kikapu. Siwalaumu. Magokoro wao hawakai nao. Ila nawaonea huruma, kwa sababu sijui wiki nyingine niliyowahi kuifurahia kama hii.

Njugu ile siwezi kuirudisha. Lakini nimevaa miwani siku nne, nimesuka ekee ndogo kuliko zote nilizowahi kusuka, kwa uzi wa sweta ya kijani, kama zamani. Nimeitia punje tatu za wimbi, nikaiweka ndani ya kikapu cha Akinyi, na mfuniko umefunga. Kikapu ni chake, akae nacho. Ekee ni yangu, na sheria anaijua: lazima airudishe, na asithubutu kuirudisha tupu.