Viti vya Watu Watakaokuja

Kwetu mtu akifariki, sebule huachwa tupu ili waombolezaji wapate pa kukaa na kulala. Siku mke wangu alipofariki, majirani walibeba makochi wakayaweka kwenye banda la mahindi, wakatandika mikeka na magodoro. Msiba ulipokwisha waliniuliza kama wayarudishe ndani. Nikawaambia nitayarudisha mwenyewe. Sikuyarudisha. Panya waliyatoboa, wakazalia humo, na mwisho nikayachoma moto. Meza ya chakula peke yake ndiyo niliyoirudisha ndani, kwa sababu mvua ilikuwa inainyeshea uani.

Nyumba isiyo na kiti huwafundisha watu kusimama. Waliokuja kunisalimia waliishia mlangoni. Hata mtu aliyefuata jambo la kawaida tu, kuazima jembe, akiona kile chumba kitupu alipunguza sauti na kuniambia pole upya. Jumuiya yetu ya kanisa husali Jumamosi asubuhi, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Zamu yangu waliiruka. Waliiruka kwa huruma, najua. Lakini niliona kwamba wakiiruka tena itakuwa mazoea, nami nitakuwa mtu wa kupewa pole tu, asiyetembelewa.

Kiongozi wa jumuiya alinifuata baada ya misa. “Zamu yako imekaribia, baba. Tuiruke, uendelee kupumzika?”

“Hapana. Njooni.”

Nilikuwa nimefika karibu na nyumbani, huku kijijini Sigino, nilipokumbuka kwamba hawana pa kukaa.

Nilimwomba shemeji yangu, dada mkubwa wa marehemu, anisindikize mjini. Mimi maisha yangu yote nimechagua majembe na ng'ombe. Vitu vya ndani alichagua mke wangu.

Muuza duka alitupokea kwa shikamoo mbili na kutuvutia kiti kipana cha plastiki chenye mikono, kimenakshiwa kama kimesukwa kwa ukindu. “Hivi ndivyo vya kisasa,” alisema. “Mezani vinakaa, nje vinakaa.”

Shemeji ni mwanamke mwenye mwili. Alikaa, akatikisa kichwa, na aliposimama kiti kikasimama naye.

“Kimenipenda hiki,” alisema. “Kinataka twende wote nyumbani.”

“Lakini ni imara, mama. Kinabeba hata trekta.”

“Trekta ndiyo mimi?”

“Hapana mama, nasifia kiti!”

Nilicheka, nikashtuka kusikia sauti yangu. Kisha nikakumbuka meza. Nilisogeza kile kiti kwenye meza iliyokuwa pale dukani, mikono ikagonga ubao, hakikuingia. Nyumbani kingebaki katikati ya chumba. Basi nikaanza kuvikagua kwa namna ninayoijua. Nilivipindua kimoja kimoja nikatazama miguu, kama mtu aliye mnadani. Miguu myembamba ingezama kwenye udongo wetu wakati wa mvua. Nilibonyeza kwa kidole gumba pale mguu unapokutana na kikalio. Nilikataa vyeupe kwa sababu ya vumbi. Nikapata vya kijani, visivyo na mikono, vyenye miguu minene na matundu kwenye kikalio, maji yasituame vikiachwa nje.

“Hivi,” nikasema.

“Umechagua vizuri, mzee. Nyumbani mko wangapi?”

“Niko peke yangu.”

Alimtazama shemeji. Shemeji akatazama mabeseni yaliyokuwa yakining'inia.

“Basi vinne vinakutosha sana,” muuzaji alisema kwa upole.

Nilitaka kukubali. Vinne ingekuwa rahisi, watu wangeendelea kusimama mlangoni, na hakuna ambaye angenilaumu. Nilipindua tena kiti kimoja, muuzaji akadhani hajasikika, akarudia.

“Sinunui vya kwangu,” nikamwambia. “Nataka vya watu watakaokuja.”

Hapo nikaanza kuwahesabu kwa vidole, nikiziona sura zao. Mzee na mkewe wanaotoka upande wa Mutuka. Kiongozi. Akina mama wa kwaya. Bibi mwenye goti bovu, ambaye hawezi kuinuka bila kushika kitu, kwa hiyo yeye nikamchukulia kimoja chenye mikono. Tulivifunga kwenye toyo, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, tukapanda pembeni yavyo.

Jumamosi walifika, wakasimama mlangoni kama walivyozoea. Bibi wa goti akawapita.

“Mnasubiri kuitwa majina? Viti si hivi?”

Akakaa. Wakakaa wote. Tulisali rozari, tukasoma somo, na sala ya mwisho ilipokwisha nilisubiri wainuke waondoke. Hawakuinuka. Niliwamiminia chai. Mmoja akaburuta kiti chake uani kufuata jua, mwingine akamfuata, mara wote wakawa nje, wakibishana kuhusu maharage na nani aliyechelewa kupanda. Mama mmoja akasimulia siku mke wangu alipomfukuza mnunuzi wa kuku mpaka barabarani kwa sababu alimwita jogoo wake kifaranga. Wakacheka, kisha wakanyamaza ghafla wakanitazama.

Mimi nilikuwa bado nacheka. Nikawaambia huyo jogoo kweli alikuwa mdogo. Wakaendelea.

“Na wewe, shemeji,” dada wa marehemu akaniita kutoka ng'ambo ya uani, “mbona umekaa juu ya ndoo?”

Nilitazama chini. Kweli, nilikuwa nimeigeuza ndoo nikaikalia. Pale dukani nilihesabu kila mtu, mimi sikujihesabu.

“Nilijisahau,” nikasema.

“Jamani, mtu anamsahau mwenye nyumba!” bibi akapaza sauti, na uani wote wakacheka, hata mimi.

“Jumatatu tunarudi mjini kuchukua kiti chako,” alisema shemeji. “Na safari hii wewe ndiye utakayekikalia kwanza.”

Tulikwenda.