Kigelegele Nilichokatazwa

Jamani, leo nimeikalia mikono yangu saa nzima kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki.

Binti yangu Rehema alikuwa anapiga piano ukumbini huku ughaibuni, hapa Columbia, mwenzake akipiga selo, lile fidla kubwa kama mtu mzima. Muziki wa mtunzi wa Katalunya aliyesahaulika miaka mingi.

Safari iliyopita nilipiga kigelegele katikati ya wimbo. Ukumbi mzima uligeuka!

Kwa hiyo leo, ndani ya gari, Rehema akanionya kwa Kiingereza chake: "Mama, please. Hata makofi usipige mpaka wengine waanze."

Haya, mwanangu.

Wakapiga, kimya. Nikatulia.
Wakapiga tena, kimya. Nikauma midomo.

Mara ya tatu kimya kikazidi. Nikachungulia majirani, nao wanachunguliana! Kumbe hakuna aliyewahi kuusikia muziki huo, kwa hiyo hakuna aliyejua kama umeisha.

Rehema machozi yanamlengalenga. Akanitazama.

Mtoto huyu, ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, akaita toka jukwaani:

"Mama, imeisha! Piga!"

Nikakiachia kigelegele. Mzee wa mbele yangu akadondosha miwani.

Nichekeni tu. Lakini nani mwingine hapa ameombwa kigelegele na mpiga piano?